Tarikhi, shajara, maelezo au utenzi: kampeni yako ya gemu isimuliwe na nani?

Watu wanaojua kwamba naandika hadithi kutokana na gemu za mikakati huniuliza swali lilelile, iwe dukani hapa Buruburu au ndani ya matatu ya kwenda mjini: ninunue gemu gani nami nianze kuandika? Huwajibu kwa swali: nani atakayesimulia? Msimulizi mmoja ukimpitisha kwenye gemu mbili, hadithi zitafanana kama pacha. Kampeni moja, yaani mchezo mmoja tangu kuanza hadi kwisha, ukiwapa wasimulizi wawili, utapata hadithi mbili ambazo zikikutana njiani hazitasalimiana.

Hili nimelijaribu. Nilicheza kampeni moja, nikaiandika mara nne kwa sauti nne, kisha nikazisoma zote mbele ya watu. Walikuwapo marafiki watatu wanaocheza gemu hizi, na ndugu wa nyumbani ambao hawachezi kabisa.

Gemu ilikuwa Europa Universalis IV, iliyotolewa na kampuni ya Paradox mwaka 2013. Huanza tarehe 11 Novemba 1444 na kukoma Januari 1821. Niliichagua Kilwa. Miji yetu ya pwani imo kwenye ramani ile, Kilwa, Mombasa, Malindi, Pate na Mogadishu, kila mmoja na bendera yake, na Zanzibar imelipa jina lake soko linalokusanya mali ya pwani nzima. Ukiwa umezoea kuchezea Ufaransa na Uingereza kwa sababu ndizo zinazochezwa na kila mtu, kisha siku moja ukaiona Mombasa kwenye skrini ikiwa na hazina yake na jeshi lake, kuna kitu kinashtuka moyoni. Mimi kilinishtua, na ndicho kilichonifanya nitake kuandika badala ya kucheza tu.

Tukio ninalolitumia kulinganisha ni moja. Mei 1511 ya gemu, Wareno walishuka Kilwa. Sultani wangu, niliyemfanya pia kuwa jemadari, akatoka na vikosi 12 kuwakabili 7. Katika gemu hii kila upande hurushiwa dadu, kuanzia 0 hadi 9, kila baada ya siku 3 za mapigano. Yangu ikatoka 1, yao ikatoka 8. Vikosi vikavunjika, sultani akafa, na mrithi alikuwa na miaka 6. Mrithi hashiki kiti kabla ya kutimiza 15, kwa hiyo nchi ikawa chini ya baraza la walezi, na sheria ya gemu ni kwamba baraza hilo haliwezi kutangaza vita. Miaka 9 ya kukaa na kutazama.

Wareno wa kweli walikuja mapema zaidi. Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi mwaka 1502. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaiteka Kilwa mwezi wa Julai, na Agosti akaiteketeza Mombasa. Kwa hiyo mji wangu ulipata miaka 6 ambayo ule wa kweli haukuipata, na mwandishi anayejua hilo huandika kwa uchungu mwingine: anajua kila soko analolieleza mwaka 1508 lingekuwa mikononi mwa Wareno.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya kuhifadhi mchezo. Gemu nyingi za Paradox zina hali inayoitwa Ironman, ambapo huwezi kurudi nyuma kufuta kosa. Kwa anayetaka kuandika, sioni mjadala hapo: chagua hiyo. Ningeweza kurudi Aprili 1511, nikamtoa sultani jeshini, nikashinda vita. Ningekuwa na Kilwa yenye nguvu na daftari tupu.

Tarikhi: ukitaka kumaliza

Sauti ya kwanza ni ya mwandishi wa habari za wafalme. Hivi ndivyo alivyolisema tukio lile:

"Katika mwaka wa 1511, kusi ilipokwisha kukaza, Wareno walishuka Kilwa. Sultani akatoka kuwakabili, akafa siku ya tatu. Akamwacha mwana wa miaka 6. Wazee wakaushika mji miaka 9, na katika miaka hiyo haikupigwa ngoma ya vita."

Sentensi nne, na miaka tisa imekwisha. Hiyo ndiyo nguvu yake. Kampeni nzima ya gemu hii ni miaka zaidi ya 370, na hakuna sauti nyingine itakayokufikisha mwisho bila kuchoka. Pia ni sauti yetu. Miji ya pwani iliandika tarikhi zake zamani, ya Kilwa na ya Pate zikiwamo, kwa mtindo huuhuu: fulani akatawala miaka kadhaa, akajenga hiki, akafa, akaingia nduguye. Msomaji wa Kiswahili anaiamini sauti hiyo mara moja.

Tarikhi pia hupokea vizuri mambo ambayo mchezaji huyachukia. Kuna tukio maarufu katika gemu hii: nyota yenye mkia huonekana angani, na uthabiti wa nchi hushuka kwa pointi 1 bila wewe kufanya lolote. Wachezaji huguna. Mwandishi wa tarikhi hufurahi, kwa sababu amepewa ishara, na ishara ikionekana mwaka mmoja kabla ya merikebu kutokea, kazi imejiandika.

Udhaifu wake ni "kisha". Kisha tukapigana, kisha tukachukua Pate, kisha tukapigana tena. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na vita 14. Nilipomaliza kuisoma, rafiki mmoja aliniuliza kwa upole, "Katika hizo zote, wewe uliipenda ipi?" Sikuwa na jibu, na swali lile limenifunza kuliko kitu kingine chochote. Vita 14 nikazipunguza zikawa 3.

Dawa nyingine ni kumpa mwandishi wa tarikhi upande. Asiwe jicho la Mungu. Awe mtu anayekula kwa mkono wa ukoo fulani, na aibu ya ukoo huo aipite haraka. Halafu, ukiweza, mwandike mwenzake wa Mombasa anayesimulia mwaka uleule kinyume. Msomaji akiona Kilwa inasema "tuliwasamehe" na Mombasa inasema "tuliwafukuza", atakaa kitako.

Shajara ya mhusika: ukitaka msomaji asilale

Sauti ya pili ni ya mtu mmoja aliyemo ndani. Watu wengi huanza na mfalme, nami naona hapo ndipo hukosea. Mfalme wa gemu ya mikakati ni wewe mwenyewe: anajua unachokijua, anaona ramani unayoiona, na akifa wewe hufi. Chukua mtu mdogo katika ufalme mkubwa. Mimi nilichukua karani wa forodha:

"Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, mbingu nyeupe bila wingu. Nilikuwa forodhani nikihesabu pembe zilizoshuka kwenye jahazi la Sofala. Nilikuwa nimefika arubaini na mbili ngurumo ilipopiga upande wa bahari. Wapagazi wakaweka mizigo chini. Nikaandika arubaini na mbili, kwa kuwa mwenye jahazi angedai. Alasiri wakampitisha sultani mbele yetu juu ya ubao wa mlango, kafunikwa shuka ya meza ya kodi. Shuka ile naijua. Ina doa la wino wangu."

Karani hakuiona vita. Hajui habari ya dadu. Hajui kuna mji unaoitwa Lisbon ambao mimi nauona kwa kusogeza kipanya tu. Kutojua kwake ndiko kunakofanya kazi, kwa maana msomaji naye hajui, na wawili hao wanaogopa pamoja.

Sauti hii inakudai kazi ambayo tarikhi haikudai. Kila namba lazima uiulize: wewe ulionekanaje kwa macho ya mtu? Vikosi 12 vimeshindwaje na 7? Gemu inasema ni dadu na tofauti ya silaha. Hadithi haiwezi kusema hivyo. Nilikaa na swali hilo siku mbili. Mei ni masika pwani, na wageni wanaotoka upande wa kusini huja na kusi. Gemu yenyewe haijali pepo hizo, lakini msomaji wa Lamu au Mombasa anazijua kama anavyojua jina lake. Nikapata jibu: baruti ya Kilwa ililowa mvua ya usiku. Hiyo ndiyo "1" yangu. Tangu hapo nimekuwa na desturi ya kuandika sababu ya kila matokeo makubwa papo hapo kwenye daftari la karatasi. Daftari, kwa sababu stima ikipotea bado ninalo, na kwa sababu nikingoja kesho nitakumbuka matokeo tu na kusahau nilivyojisikia.

Halafu kuna ile miaka 9. Kwenye tarikhi ilikuwa sentensi moja. Kwa karani ikawa sura nne, na ndizo zilizopendwa kuliko zote. Mtoto wa miaka 6 yupo kwenye kiti, wazee wanaogopana, hakuna anayeruhusiwa kusema neno vita, Wareno wanatia nanga nje wakati wowote wanaotaka. Karani anaitwa kumfundisha mtoto hesabu. Anamfundishia kwa nini? Kwa pembe, kwa shanga, kwa sarafu za shaba ambazo Kilwa kweli ilizifua. Sheria kavu ya gemu ilinifungia mlango wa vita, nikalazimika kuingia nyumbani mwa watu. Ukiona gemu inakunyima jambo, usiiharakishe kwa kuongeza kasi ya saa hadi mwisho. Hapo ndipo pa kupunguza mwendo.

Gharama yake ni muda. Mtu mmoja haishi miaka 370. Ukitaka sauti hii, kubali kusimulia miaka 20 au 30 ya kampeni na kuiacha mingine, au andaa ukoo: karani, mwanawe, mjukuu. Niliandika miaka 22. Sehemu iliyobaki ya kampeni niliicheza kwa furaha yangu mwenyewe na hakuna aliyeidai.

Sisi wa Nairobi tuna sababu yetu ya kuipenda sauti ya mtu mdogo. Kuna mtaa hapa unaitwa Kariokor, na jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, wale waliobebeshwa chakula na risasi za jeshi la Waingereza hadi ndani ya Tanganyika. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kwenye Kenyatta Avenue sanamu yao imesimama pamoja na ya askari, na magari yanaipita siku nzima. Katika gemu ya mikakati watu hao ni mstari mdogo wa rangi unaoitwa ugavi. Ukiwa kijani, hufikirii kitu. Ukiwa mwekundu, unalaani. Mimi siwezi tena kuutazama mstari ule bila kufikiri ni nani aliyeubeba begani, na nadhani mwandishi wa mji huu asiyefikiri hivyo amekiacha kitu kikubwa nje ya mlango wake mwenyewe.

Maelezo ya mchezaji: kwa wanaocheza gemu hiyohiyo

Hapa unasimulia ukiwa wewe, na gemu inabaki gemu. "Nilikuwa na vikosi 12, lakini vilikuwa Malindi. Ningeviacha Kilwa, wao wakishuka kutoka majini wangekatwa pointi 2 za dadu. Nilichelewa siku chache, wakawa wameshasimama nchi kavu."

Rafiki zangu watatu waliinama mbele kusikiliza. Ndugu zangu walianza kutazama simu. Sina mengi ya kuongeza: kama unataka kufundisha, au unataka wenzako wakwambie ulipokosea, hakuna sauti nyingine inayoifikia hii kwa uaminifu. Ila ujue inazeeka haraka, maana gemu hizi hubadilishwa mara kwa mara na watengenezaji, na namba uliyoisifu leo huenda isiwepo mwakani. Hadithi ya karani haihitaji masasisho.

Jambo moja la hatari: usiichanganye na sauti ya mhusika ndani ya aya moja. Karani akisema "uthabiti ulishuka kwa 1", msomaji ameamka usingizini na hatarudi.

Utenzi: kwa kilele tu

Hii niliijaribu kwa sababu nimekulia kusikia tenzi redioni, na kwa sababu tenzi za kale za pwani ni hadithi za vita hasa. Beti ya vipande vinne, mizani nane kila kipande, vitatu vya kwanza vikipatana vina na cha nne kikibeba kina cha utenzi mzima:

*Wakashuka ufuoni,*
*na bunduki mikononi,*
*Bwana katoka ngomeni,*
*asirudi kwake tena.*

*Mtoto miaka sita,*
*kiti kikamfumbata,*
*hakujua neno vita,*
*wala upanga kuona.*

Kampeni nzima kwa utenzi ni kazi ya miezi, na mimi sikuimaliza. Lakini beti kumi na mbili zilizowekwa katikati ya shajara, kana kwamba watu wa mji ndio waliokuwa wakiziimba baada ya mazishi, zilinyamazisha chumba. Mama yangu, ambaye hadi hapo alikuwa akipepeta mchele na kusikiliza kwa sikio moja, aliweka ungo chini. Ukiwa unajua kuhesabu mizani, usiuache utajiri huo ulale. Usiupoteze tu kwenye vita ndogo.

Basi, gemu gani kwa sauti gani?

Europa Universalis IV, kama ulivyoona, ni ya tarikhi kwanza. Inazungumza kwa lugha ya nchi: kodi, biashara, majeshi, mipaka. Watu wake ni wachache na hawana sura. Mhusika utamtengeneza mwenyewe kutoka hewani, jambo ambalo mimi nalipenda lakini si kila mtu analiweza mara ya kwanza.

Ukitaka gemu ikukabidhi mhusika akiwa tayari anapumua, chukua Crusader Kings III, ya mwaka 2020, pia ya Paradox. Humo hutawali nchi, unatawala kupitia mtu na ukoo wake, na mtu huyo ana tabia zinazomfunga. Mwenye huruma akiamuru mfungwa auawe, msongo wa mawazo humpanda, na ukizidi anavunjika: anageukia pombe, au anajitenga, au anakuwa mwepesi wa hasira. Ndugu hufanya njama, siri hujulikana, mirathi hugawanya ulichojenga. Kwa anayeanza shajara, hii ndiyo ningempa bila kusita. Kasoro yake kwangu ni mahali: ilipotoka, Kilwa haikuwamo kwenye ramani. Ethiopia imo, na wafalme wake wanatosha kukupa vitabu vitatu. Kasoro nyingine ni kwamba vituko vyake ni vingi mno. Kila mwezi kuna mtu aliyefumaniwa. Ukiandika vyote, msomaji ataacha kuwaamini. Chagua kimoja kati ya kumi.

Victoria 3, ya mwaka 2022, inakwenda kuanzia 1836 hadi 1936, na ni gemu ambayo waandishi hawaijali inavyostahili. Inawahesabu watu wote wa dunia kwa makundi ya kazi, kabila, dini na mahali wanapoishi, na inakuonyesha maisha yao yakipanda au yakishuka. Ina reli, viwanda, mashamba, wafanyakazi wanaohama. Fikiri ni miaka gani hiyo kwetu: reli ilianza Mombasa mwaka 1896, Nairobi ikazaliwa mwaka 1899 kama kambi ya reli kwenye kinamasi, na mwaka 1914 wapagazi wakakusanywa. Sauti ya mtu mdogo inakaa humu kuliko popote. Mimi bado sijaandika kampeni yake, ninaiandaa. Vita vyake ni dhaifu kwa kutazama, lakini kwa shajara ya fundi reli vita si kitu cha kutazama.

Kuna rafiki yangu asiyependa ramani za karne nyingi. Yeye huandika kutokana na XCOM 2, ya mwaka 2016, ambapo unaongoza kikosi kidogo cha wanajeshi dhidi ya wavamizi kutoka anga za juu. Unawapa majina unayotaka, na akifa amekufa, jina lake linawekwa kwenye ukuta wa kumbukumbu. Umelenga kwa uhakika wa asilimia 95, risasi ikapita pembeni, na kesho yake una kiti kitupu mezani. Kwa hadithi fupi, kila misheni ikiwa hadithi moja, sijaona inayoipita. Onyo langu ni moja: usiwape wanajeshi majina ya watu wa mtaani kwenu. Wataanza kukuuliza kama bado wako hai, na jibu huwa linauma.

Civilization VI nayo ni ya mwaka 2016, na ndiyo ambayo wengi mnayo tayari. Inaanza miaka 4000 kabla ya Kristo, kampeni ya kawaida ina zamu 500, na kiongozi wako haonekani kuzeeka hata siku moja. Kwa shajara haifai. Kwa tarikhi inafaa ukifanya mji kuwa mhusika: mji uliojengwa mahali pabaya, ukafurikiwa, ukatekwa, ukarudi. Zanzibar imo kama mji huru, na anayekuwa mlezi wake hupata karafuu na mdalasini ambazo hazipatikani kwingine kwenye ramani. Hapo peke yake pana hadithi ya biashara ninayotamani mtu aiandike.

Na Age of Empires II, ile ya 1999 iliyotulea wengi kwenye saiba? Kampeni zake zimeshasimuliwa na watengenezaji wenyewe, kwa hiyo unachobaki nacho ni kupindua upande. Nyongeza ya mwaka 2015 kuhusu falme za Afrika ina kampeni ya Almeida yuleyule, na unaicheza ukiwa upande wake. Isimulie kutoka kwenye lango la mji anaoujia.

Kwa upande wa mashine, gemu za zamani huichosha laptopu kidogo kuliko mpya, na hilo si jambo dogo kama unanunua ya mkono wa pili. Ukiweza ngoja mapunguzo ya bei ya msimu, na nunua gemu peke yake bila nyongeza. Hadithi haipungui kwa kukosa nyongeza.

Na Kiswahili kipi?

Hapa Nairobi swali hili halikwepeki. Niliandika karani kwa Kiswahili sanifu kilichoegemea pwani kidogo, maneno kama kusi, jahazi, forodha, na mpangilio wa sentensi wa wazee. Sikujaribu Kimvita kamili kwa sababu sikuzaliwa nacho, na msomaji wa Mombasa angenishika katika mstari wa pili. Rafiki yangu wa XCOM huandika masimulizi kwa sanifu na mazungumzo kwa Sheng, na inakaa vizuri, maana askari wake ni vijana wa leo na mmoja akimwambia mwenzake "msee, tulia" huku mlango unavunjwa, unamsikia. Sheng kwenye masimulizi yote huzeeka, tena huzeeka haraka kuliko namba za gemu. Na sultani wa mwaka 1511 akisema Sheng, hata kwa utani, umemuua mara ya pili.

Kama bado hujaamua, fanya nilivyofanya mimi. Chukua siku moja tu ya kampeni yako, siku iliyokuuma, uiandike kwa sauti tatu, maneno mia kila moja. Zisome kwa mtu ambaye hajawahi kugusa gemu. Usimuulize ipi nzuri, atakujibu kwa adabu. Ngoja uone ataulizia nini.

Tarikhi yangu dada yangu aliisifu. Maelezo ya mchezaji aliyavumilia. Baada ya shajara alikaa kimya, akamwaga chai ya mwisho kwenye kikombe chake, akauliza, "Na yule mtoto alipofika kumi na tano alifanya nini?" Ilikuwa bado 1520 kwenye mchezo. Hata mimi nilikuwa sijui. Nikafungua laptopu usiku uleule.